Kabla hujasaini maelezo polisi

Mtu akikamatwa Dar, ndugu zake hukimbilia dhamana. Sawa, nani anataka kulala mahabusu? Lakini kesi nyingi huharibikia mezani kwa mpelelezi, kwenye karatasi iliyosainiwa bila kusomwa kwa sababu mtu aliambiwa "saini uende nyumbani".

Anayekukamata anatakiwa akwambie kosa lako. Muulize jina, cheo na, zaidi ya yote, kituo mnachokwenda, kisha mjulishe ndugu kabla simu haijachukuliwa. Ukikamatwa Kariakoo unaweza kupelekwa Sentro, yaani Kituo Kikuu cha Polisi, huku wenzako wanakutafuta kituo cha Msimbazi mpaka usiku. Usivutane na askari. Hilo ni kosa jingine. Kaunta, hakikisha vitu vyako vimeandikwa, na fedha zimetajwa kiasi chake.

Sasa mahojiano. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inawapa polisi masaa 4 ya kukuhoji tangu uwe chini ya ulinzi. Muda wa safari ya kituoni au wa kuwasiliana na wakili hauhesabiwi humo. Yanaweza kuongezwa mengine yasiyozidi 8. Zaidi ya hapo ni kibali cha mahakama. Kabla ya swali la kwanza lazima uonywe kwamba hulazimiki kujibu, ukiacha jina na anwani, na kwamba unaweza kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Sema wazi kwamba unamtaka wakili.

Ukiamua kutoa maelezo, angalia saa ya kuanza na ya kumaliza zilizoandikwa. Soma kila ukurasa. Palipokosewa pasahihishwe, nawe usaini pembeni. Nafasi tupu ipigwe mstari. Asiyejua kusoma asomewe. Maelezo ya kukiri yakishafika mahakamani, upande wa mashtaka ndio unaopaswa kuthibitisha kuwa uliyatoa kwa hiari, ila pingamizi lako litolewe kabla hayajapokelewa kuwa kielelezo. Hapa ndipo wengi hulala: wanakuja kulalamika kwenye utetezi, na maneno yao yanakuwa hafifu.

Kuhusu masaa 24 ya kukufikisha mahakamani tangu ukamatwe, watu wanadhani yakipita mlango unafunguka wenyewe. Hapana. Ikiwa haiwezekani kukufikisha mahakamani ndani ya muda huo, mkuu wa kituo anapaswa kulichunguza suala lako na kukuachia kwa dhamana, isipokuwa kosa likionekana kubwa. Kwa hiyo ndugu amwone mkuu wa kituo mwenyewe, asiishie kwa askari wa zamu.

Dhamana ya polisi hailipiwi. Mdhamini aje na kitambulisho, cha NIDA kikiwepo, na barua ya serikali ya mtaa. Ukikamatwa Ijumaa jioni barua hiyo ni kazi kuipata, ndiyo maana huwa nasema mfahamu mwenyekiti wako wa mtaa mapema. Tafuta wadhamini wawili, mmoja akikataliwa usianze upya.

Mauaji, uhaini, ugaidi, unyang'anyi wa kutumia silaha na utakatishaji fedha hayana dhamana, hata ukifikishwa mahakama ya Kisutu. Soma hati ya mashtaka yote: shtaka moja la utakatishaji likiwa miongoni mwa matano yenye dhamana, utapelekwa mahabusu. Asiye na fedha ya wakili aulizie msaada wa kisheria, ambao una sheria yake tangu 2017, na aanze kuutafuta siku ileile ya kukamatwa.