Kulala Msituni na Farasi

Tangu nishuke mlimani kuna jambo moja haliniachi. Farasi hana pembe, hana kucha, na meno yake ni ya kukata na kusaga majani. Teke lake linavunja mfupa, ni kweli, lakini hilo hulitoa akiwa amebanwa na hana pa kupita. Tegemeo lake hasa ni mbio. Akishtuka hukimbia kwanza, mengine baadaye. Nasi tunaompeleka kulala msituni, jua likianza kuzama tu tunamfunga kamba.

Nimelala nje na farasi kwa miaka mingi na kamba hiyo nimeifunga bila kuiwazia sana. Safari hii niliiwazia kwa sababu ya yule farasi kijana mwekundu.

Tulikuwa watu wawili na farasi watatu. Mimi nilimpanda jike wa kijivu, mtu mzima anayejua njia za milimani kuliko mimi. Mwenzangu alikuwa juu ya wa kahawia. Mwekundu alibeba mizigo, naye alikuwa hajawahi kulala mbali na zizi. Mchana kutwa alikwenda vizuri. Njia ilipanda kwa kukata kona ndani ya msitu mnene, mizizi imetokeza ardhini, mawe yana kuvu, na kila tulipofika penye mwinuko mkali tulisimama wapumue. Farasi hapumui kwa mdomo hata akichoka vipi, hewa yake yote hupita puani, kwa hiyo ukitaka kujua hali yake mtazame pua. Zikiwa zimetanuka na ubavu unakwenda mbio, husogei. Ana msaada mmoja mkubwa mwilini, maana wengu wake huhifadhi chembe nyekundu za damu na kuzimwaga kwenye mzunguko anapofanya kazi nzito. Lakini msaada huo haumwondolei haja ya kusimama. Mwenye haraka na mlima aende kwa miguu yake mwenyewe.

Mahali pa kulala huanza kutafutwa mapema, saa tisa alasiri hivi, wakati bado kuna mwanga wa kukataa sehemu mbaya. Ukiwa peke yako unatafuta palipo tambarare pa hema, basi. Ukiwa na farasi, hema ndilo la mwisho kufikiriwa. Kwanza maji. Farasi mmoja hunywa lita 20 hadi 40 kwa siku, na akitoka jasho sana huzidi hapo, na hakuna mtu anayebeba maji ya namna hiyo mgongoni. Kwa hiyo kijito lazima kiwe karibu, ila kambi isikae kando yake. Mimi hushika kipimo cha mita 60 au zaidi. Kwato huvunja kingo, kinyesi huingia majini, tena wanyama wa msituni huja kunywa usiku, na hakuna sababu ya kuwazibia mlango wao.

Tuliwashusha kijitoni kabla ya kuwafunga. Mwekundu alikataa kunywa. Maji yalikuwa yanapita juu ya mawe kwa kelele, na yeye amezoea ndoo isiyosema kitu. Alinyoosha shingo, akapuliza pua, akarudi nyuma. Sikumvuta. Nilimwingiza wa kijivu kwanza, naye akashusha mdomo pale pale. Farasi akinywa, ukimtazama chini ya koo unaona kila funda likipanda shingoni, moja baada ya jingine, na masikio yanacheza mbele na nyuma kwa kila analomeza. Mwekundu alisimama akiyatazama masikio yale kwa muda mrefu. Kisha akaja akasimama bega kwa bega na mwenzake, akanywa mpaka nikadhani hataacha.

Kamba yenyewe tunaifunga juu, kati ya miti miwili mizima na minene, ipite juu zaidi ya vichwa vyao, na ivutwe ikazike. Kamba ya kila farasi inaning'inia kutoka hapo. Wapo wanaomfunga farasi moja kwa moja kwenye shina la mti, na hilo silikubali. Usiku kucha atazunguka, atachimba kwa kwato mpaka mizizi ibaki wazi, na asubuhi mti umechubuka. Hata ile miti miwili tunaizungushia mikanda mipana kwanza ndipo kamba ifuate. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka mizizini kupitia tabaka lililo chini tu ya gome. Kamba nyembamba iliyobeba uzito wa farasi watatu hukata tabaka hilo, na likikatika kuzunguka shina lote, mti huo umekufa hata kama utakaa na majani yake kwa muda.

Urefu wa kamba ya farasi ndio unaohitaji moyo. Ikiwa fupi mno hawezi kushusha kichwa wala kulala. Ikiwa ndefu mno atavusha mguu juu yake, na farasi aliyenaswa mguu gizani huvuta kwa nguvu zake zote mpaka kitu kikatike, na mara nyingi kinachokatika ni nyama. Ninaipima kwa kumshusha kichwa mwenyewe, ninaona mdomo umegusa ardhi, kisha ninaangalia kama kuna kitanzi kilicholegea cha kumnasa. Fundo liwe la kufunguka kwa mvuto mmoja. Katika kila kambi hulifungua mara moja kwa kujaribu kabla sijaliamini.

Halafu ninatembea kuzunguka pale wanapofika midomo yao. Farasi hawezi kutapika. Msuli ulio kwenye mlango wa tumbo lake umekaza kiasi kwamba kilichoshuka hakirudi. Kangaga la milimani, akilila kwa wingi siku baada ya siku, huharibu vitamini B1 mwilini mwake hadi akaanza kuyumba. Miti ya jamii ya Taxus, ile yenye majani membamba kama sindano, ni mibaya zaidi, kwani konzi chache tu za majani yake hutosha kusimamisha moyo wa farasi. Farasi aliye huru kwenye malisho mazuri anaweza kulipita jani baya akatafuta zuri. Wangu amefungwa, ana njaa, amechoshwa na kusimama, na atatafuna kilicho mbele yake. Niliyefunga kamba ndiye niliyemchagulia chakula, na maji, na ardhi ya kusimama. Hata njia ya kukimbilia nimemchagulia, maana nimeamua hatakuwa nayo.

Najua wapo wasiotumia kamba ya juu. Wanawafunga miguu ya mbele kwa pingu laini, wanamvalisha kiongozi kengele na kuwaacha walishe. Penye uwanda wa majani nafanya hivyo kwa saa chache, nikiwa macho. Ndani ya msitu mnene wenye makorongo sifanyi, kwa sababu farasi mjanja hujifunza upesi kuruka na pingu zake, na akishtuka huenda mbali kuliko unavyodhani.

Usiku ulipoingia nilikaa karibu nao nje ya hema. Mzee aliyenifundisha kazi hii alikuwa akiniambia, "Mwanangu, usimulike giza. Tazama masikio ya farasi, hayo ndiyo tochi yako." Kila sikio hugeuka kivyake, karibu nusu duara, na macho yao yaliyo pembeni mwa kichwa huona karibu pande zote isipokuwa nyuma ya mkia na pale mbele ya paji la uso. Gizani wanatuzidi mbali. Ila macho yao huchelewa kuzoea mwanga unapobadilika ghafla, kwa hiyo ukimmulika usoni kwa taa yako ya kichwani umemfanya kipofu kwa dakika kadhaa, na pengine ni dakika zile zile anazozihitaji. Mimi huzima taa na kusema nao ninapokaribia. Neno lolote linatosha, mradi ni sauti wanayoijua.

Usiku wa manane niliona vichwa vitatu vikiinuka kwa pamoja. Vyote vilielekea upande mmoja, mtelemko wa juu kushoto, na kutafuna kukakoma. Sikusikia kitu. Wa kahawia akapuliza pua kwa nguvu mara moja. Mwekundu akarudi nyuma mpaka kamba ikakaza, na miguu yake ya nyuma ikajikunja tayari kwa kuruka. Nilikwenda kwake taratibu nikizungumza, nikamwekea mkono nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele wa kushoto, pale moyo unaposikika. Farasi aliyetulia moyo wake hupiga mara 28 hadi 44 kwa dakika. Huu ulikuwa ukigonga kiganja changu bila nafasi ya kuhesabu.

Hapo ndipo nilipoielewa kamba. Mwili wake wote ulikuwa umeshajibu swali. Misuli imejaa damu, miguu imejipanga, na kila alichorithi kwa wazazi wake kinamwambia aondoke. Kilichomzuia ni uzi nilioufunga mimi. Nilijua kwamba nikisogea kwenda hemani kuvaa koti nitakuwa nimemdhulumu. Nilibaki. Mwenzangu akatoa kichwa hemani akauliza kwa kunong'ona kama kuna tatizo, nikamwambia, "Lala tu ndugu yangu, niko nao." Tulisimama hivyo, mimi nikitazama masikio ya wa kijivu, kwani yeye ndiye niliyeamini hukumu yake. Masikio hayo yalifuata kitu nisichokiona kutoka kushoto kwenda kulia, polepole, yakavuka kijito, yakapanda upande wa pili. Kisha akashusha pumzi ndefu, akalamba midomo, akainamisha kichwa kwenye majani. Wa kahawia akafuata. Chini ya kiganja changu mapigo yakaanza kuachana. (Asubuhi tulikuta nyayo za kwato zilizogawanyika mara mbili kwenye tope la kijito. Mnyama mla majani kama wao.)

Kilichonifurahisha zaidi safari nzima kilikuja baadaye. Watu wengi wanajua kwamba farasi husinzia akiwa amesimama, kwa sababu kano za miguu yake zinaweza kujifunga zikambeba bila jasho. Lakini usingizi mzito, ule wa ndoto, haupati mpaka alale chini, na anauhitaji kiasi cha nusu saa hivi kwa siku. Anaweza kukaa siku kadhaa bila huo, halafu akaanza kuanguka magoti akiwa amesinzia. Na halali chini mahali asipopaamini. Mara nyingi mmoja hubaki amesimama wenzake wakilala. Wa kijivu alilala kwanza, akakunja magoti na kujiachia kwa mguno. Wa kahawia akabaki zamu. Mwekundu alizungusha kichwa, akanusa ardhi, akachimba, akasimama tena, akanitazama. Nilikuwa bado nimeketi palepale, mgongo wangu kwenye gogo. Alirudia mambo yale yale kwa muda, na mimi sikuthubutu kubadilisha mkao ingawa mguu ulikuwa umekufa ganzi. Hatimaye akashuka. Kwanza alikaa na kichwa juu. Kisha mdomo ukagusa majani makavu, jicho likafumba nusu, na midomo yake ikaanza kuchezacheza kama ya mtoto anayenyonya usingizini. Kwato moja ya mbele ilikuwa inatikisika. Alikuwa anakimbia ndotoni.

Asubuhi kazi huwa nyingi, na ya kwanza ni mgongo. Ninapitisha kiganja kuanzia mabegani hadi kiunoni, kinyume na manyoya na tena kwa kufuata manyoya, nikitafuta joto, uvimbe, au sehemu anayoinyima mkono. Punje ya mchanga chini ya blanketi la tandiko inatosha kutoboa ngozi kabla ya saa sita mchana. Mizigo ya mwekundu tuliipima upya kwa mizani ya kuning'iniza, kulia na kushoto vilingane, na kwa jumla isizidi sehemu ya tano ya uzito wake. Kwa farasi wa kilo 450 hiyo ni kilo 90 pamoja na tandiko, nami napenda mzigo uwe chini sana ya hapo, kwa kuwa sanduku haliinami penye kona kama mpandaji anavyofanya. Kuteremka tulishuka tukawaongoza. Hata kwenye tambarare miguu ya mbele hubeba karibu asilimia 60 ya uzito, na mtelemko huongeza.

Kabla ya kuondoka tulitawanya kinyesi kikauke upesi, tukafukia mashimo aliyochimba mwekundu na kurudishia majani juu yake. Nilikagua gome la ile miti miwili kwa vidole. Halikuwa na alama.

Sasa mimi na mwenzangu hatukubaliani. Yeye anaona mwekundu abaki zizini msimu huu, akomae. Mimi naona ameshalala chini msituni, katikati ya wenzake, usiku uliomtisha, na kwamba tukimwacha mwaka mzima tutaanza upya. Tumeafikiana nimfundishe kamba ya juu hapa nyumbani kwanza, jioni kwa jioni, nami nikae naye mpaka alale. Jana alinusa ardhi akachimba, halafu akabaki amesimama. Leo nitamfunga mapema zaidi, na nitamweka wa kijivu upande wake wa kushoto.