Mwaka wangu Baghdad, mama akiwa Wundanyi

Nikisema nilitumikia divisheni ya wapanda farasi ya Marekani, watu huniuliza farasi wangu alikuwa wa rangi gani. Sikuwa na farasi. Divisheni ya Kwanza ya Wapanda Farasi iliundwa mwaka 1921 huko Texas, na mwaka 1943 ikakabidhi farasi wake, ikaenda kupigana kwa miguu katika visiwa vya Pasifiki. Nilipoingia mimi, yalikuwa yamebaki mambo machache tu: kichwa cha farasi kwenye beji ya manjano begani, kofia nyeusi pana za siku za sherehe, na kikosi kidogo cha farasi wa gwaride pale Fort Hood, kambi yetu ya Texas. Mimi nilikuwa dereva wa Hamvii, gari la jeshi.

Ila sheria moja ya wazee wa farasi ilikuwa hai. Askari humnywesha farasi kwanza, ndipo naye anywe. Sajini wetu aliisimamia sheria hiyo kwa magari. Tukirudi doria, hata kama tumechoka hoi, hakuna aliyekwenda kula kabla ya kupima oili, kukagua matairi, kukung'uta vumbi kwenye chujio la hewa na kujaza mafuta. Nililipenda jambo hilo, na bado nalipenda. Mtu aliyetoka kuona mambo mazito anahitaji kazi ya mikono kabla hajaachwa peke yake na mawazo.

Kwetu ni Wundanyi, juu kwenye milima ya Taita. Nilipata grini kadi kwa bahati nasibu, nikaenda Texas, kisha nikajiunga na jeshi. Amri ya rais ya Julai 2002 ilikuwa imewafungulia askari wasio raia njia ya kuomba uraia bila kungoja miaka, nami nilikuwa mmoja wao. Mapema mwaka 2004 tukapelekwa Baghdad. Aprili mapigano yakalipuka Sadr City, mtaa mkubwa wa Baghdad, na tangu hapo hata kwa safari ya kupeleka maji ya kunywa watu waliagana kana kwamba hawataonana tena.

Hamu ya nyumbani haikunijia barabarani. Ukiwa kwenye usukani akili yote iko mbele: kila mfuko wa taka, kila mzoga wa mbwa, kila udongo uliochimbuliwa karibuni huenda una bomu. Ilinijia jioni, gari limeshahudumiwa, fulana ya kinga imevuliwa, jasho limeacha chumvi nyeupe kwenye shati. Julai joto lilikuwa linapita nyuzi 45. Hapo ndipo nilipoukumbuka ukungu wa Wundanyi, ule unaozilowesha nguo upya zikiwa bado kwenye kamba. Mwenzangu mmoja, kijana wa shambani Montana, alikuwa amebandika picha ya farasi wake jike ndani ya kofia ya chuma. Alipokosa usingizi alinieleza harufu ya tandiko la ngozi lililolowa jasho la farasi. Mimi nilimweleza kimanga anachopika mama, maharagwe na muhogo vikiwa vimepondwa pamoja. Kila mmoja alisikiliza habari za kitu asichokijua, na ilitosha.

Niliwafikiria sana pia askari waliozikwa kwetu. Mtoto wa Taita hukua akiyajua makaburi ya Vita vya Kwanza, pale Maktau, pale Taveta, pale Voi. Mwaka 1916 wapanda farasi kutoka Afrika Kusini walipita nyika zetu wakiwafuata Wajerumani, na farasi wao wakafa kwa maelfu kwa ugonjwa wa mbung'o na maradhi mengine. Utotoni nilikuwa nikiyapita makaburi yale bila kujiuliza lolote. Nikiwa Baghdad nilianza kujiuliza mama zao walipata habari kwa njia gani, na baada ya muda gani.

Swali hilo ndilo lililonifanya nitafute mpango, kwa sababu mama yangu alikuwa na redio. Kila asubuhi alisikiliza Amka na BBC, na mwaka ule neno Baghdad halikukosekana. Kwake yeye, kila bomu la Baghdad lilikuwa limenilipukia mimi. Ndugu yangu mdogo alijitahidi kumweleza kwamba ule ni mji wa watu zaidi ya milioni tano. Mama akamjibu, "Hao milioni tano sikuwazaa mimi."

Tena kulikuwa na jambo ambalo familia nyingi hazikulijua. Askari akiuawa au akijeruhiwa vibaya, simu na intaneti za kambi zilifungwa mpaka familia yake ipewe habari rasmi. Utaratibu wenyewe ni wa haki, maana hakuna mke anayestahili kuusikia msiba wake kwa uvumi. Lakini matokeo yake yalikuwa kwamba siku ambayo redio imetaja Wamarekani waliokufa Baghdad, ndiyo siku ambayo mimi siwezi kupiga simu. Mama alipata habari mbaya na kimya kwa pamoja.

Kwa hiyo mimi na ndugu yangu tukapatana hivi. Jeshini kuna fomu iitwayo DD 93, ambayo ndani yake unaandika watu wa kuarifiwa ukipatwa na jambo. Niliandika jina la mama, na pamoja naye binamu yangu anayeishi Texas. Nikamwambia ndugu yangu, "Mkisikia habari mbaya nami niko kimya, usihesabu saa. Mpigie binamu. Kama hakuna maafisa waliomgongea mlango, basi simu zimefungwa kwa ajili ya mwenzangu."

Ndugu yangu alimweleza mama kwa Kidawida, lugha yetu ya Taita, polepole, akarudia. Mara ya kwanza simu zilipofungwa, mama alimtuma apige Texas usiku wa manane wa huko. Binamu hakulalamika. Mara zilizofuata mama alianza kungoja kukuche Texas, na ndugu yangu akaniambia kwamba ameanza tena kulala. Nami nikaanza kulala. Mpaka leo naamini kwamba sehemu kubwa ya uzito niliokuwa nikiuita hamu ya nyumbani ilikuwa hofu ya kuwa namtesa mama nisipoonekana.

Simu zikiwa wazi, tulizungumza Jumapili. Chumba kilikuwa cha mbao, simu zimepangwa ukutani, foleni imetoka nje hadi juani, na anayefuata anakupumulia shingoni. Sauti ilichelewa, kwa hiyo mama akawa anaongea juu ya maneno yangu, kwa kupaza sauti, kuku wakisikika nyuma yake. Tulikubaliana asiniulize vita. Aliniambia nani kaoa, mvua imenyesha wapi, ng'ombe yupi amezaa. Kuanzia Oktoba Iraq iliporudisha saa nyuma, saa zetu zikalingana kabisa na za Kenya. Wenzangu walikuwa wakihesabu tofauti ya saa tisa kati yao na Texas, ilhali mimi niliangalia mkono tu nikajua mama ametoka kanisani, au anawasha moto. Hilo lilinifariji kuliko picha yoyote niliyokuwa nayo.

Binamu alikuwa akitumiwa majani ya chai kutoka nyumbani, naye ananitumia. Nilichemsha kwa maziwa ya unga, sukari nyingi, nikammiminia yule wa Montana. Alikuwa anakunywa kahawa tu maisha yake yote. Baada ya mwezi alianza kuniuliza chai iko wapi.

Tuliondoka mapema mwaka 2005, baada ya uchaguzi wa Januari 30. Nilipopata likizo nilikwenda moja kwa moja Wundanyi, na mama akanikagua mikono na miguu kabla ya kunisalimia.

Mwaka huu mpwa wangu amejiunga, naye ana WhatsApp na simu ya video, anaona mambo yangu ni ya zamani. Nimemwambia kimya kipo hata sasa, simu hufungwa vilevile. Tumekaa mezani tukajaza DD 93 pamoja: jina la mama yake, namba inayoanza na +254, na jina langu chini yake, kwa sababu mimi ninaweza kumweleza dada yangu kwa Kidawida.