Kadi ya grafiki kwa Dell ya ofisini: nilivyochagua hapa Lubumbashi

Kompyuta nyingi za nyumbani hapa Lubumbashi zilianzia kazi ofisini, ng'ambo. Ukiinunua unakuta bado ina kibandiko cha idara ya kampuni fulani. Yangu ni Dell OptiPlex 7010, ile ya kusimama, yenye prosesa ya Core i5 ya kizazi cha tatu. Kwa kuandika na kupiga hesabu haina neno. Ila mimi nachora nyumba kwa Blender, programu ya picha za 3D, na picha moja ya sebule ilichukua muda mrefu hivi kwamba umeme uliwahi kukatika kabla haijakamilika. Ikabidi nitafute kadi ya grafiki.

Vijana wa mtaani wanauliza kwanza kadi gani ni kali. Mimi nilishika bisibisi nikafungua kesi. Kwenye pawa saplai kuna kibandiko: wati 275. Nikafuata nyaya zake mmoja mmoja, na hakuna hata mmoja wenye plagi ya pini sita, ile inayolisha kadi kubwa. Hapo sehemu kubwa ya soko ikajitoa yenyewe. Kadi isiyo na plagi yake inakula umeme wa PCIe tu, yaani tundu la ubao mama inapochomekwa, na tundu hilo kwa kanuni linatoa wati 75, si zaidi. Prosesa yangu ni wati 77. Ukiongeza kadi ya 75, diski na feni, bado pawa inapumua. Mambo ya toleo, PCIe 3 au 4, hayakuniumiza kichwa, maana kadi mpya inakaa kwenye tundu la zamani, kinachopungua ni kasi. Nafasi niliipima kwa rula hadi kwenye kizimba cha diski. Vipimo vya mtandaoni siviamini sana.

Kilichobaki ni Blender yenyewe. Nilishauriwa sana nichukue RX 580 ya AMD iliyotumika, kwa kuwa ni rahisi na ina nguvu. Achilia mbali wati zake 185: tangu Blender 3.0 ya Desemba 2021, OpenCL, njia ya kuzipa kadi za AMD kazi, imeondolewa, na kadi za AMD za ukoo huo hazisaidii tena Cycles, sehemu ya Blender inayotoa picha ya mwisho. Mcheza gemu hawezi kuliona tatizo hilo, kwa hiyo ushauri wake ni mzuri kwake, si kwangu. Nikabaki na kadi mbili za NVIDIA, GTX 1050 Ti ya 2016 na GTX 1650 ya 2019, zote za kumbukumbu ya GB 4 na wati 75. Niliegemea 1650, kwa sababu NVIDIA ilitangaza kwamba ukoo wa 1050 Ti hautapata draiva mpya za kawaida baada ya Oktoba 2025, marekebisho ya usalama tu. Na hata hiyo 1650, watengenezaji wengine wameiwekea plagi ya pini sita, kwa hiyo kusoma jina hakutoshi, lazima uangalie ubavu wa kadi.

Mjini muuzaji mmoja alinitolea 1050 Ti kutoka kwenye katoni safi kabisa.

"Yaya, hii ni ya kweli, giga ine. Nakuachia bei ya ndugu."

Nikaigeuza. Nyuma ilikuwa na tundu la VGA, lile la buluu la pini kumi na tano. Chipu ya 1050 Ti haitoi kabisa ishara ya VGA, na NVIDIA iliiacha kwa ukoo mzima. Nikamwambia, "Mudogo, tuiweke kwanza kwenye mashine yako." Tukafungua GPU-Z, programu ndogo ya bure ambayo tangu 2018 inazitambua kadi za NVIDIA zilizobadilishwa BIOS, ile programu ya ndani inayoitambulisha kadi. Ikaandika wazi, mbele ya jina, kwamba ni bandia. Kadi za namna hii mara nyingi ndani yake ni GTS 450 au GTX 550 Ti, za 2010 na 2011, zilizovishwa jina jipya.

"Aa yaya, hata miye balinidanganya." Nilimwamini. Naye alinunua katoni imefungwa.

Niliipata 1650 kwa mtu aliyekuwa anauza mashine yake, tena nikaiona ikifanya kazi kwake kabla ya kulipa. Skrini yangu ni ya VGA tu, kwa hiyo nilinunua adapta ya HDMI kwenda VGA, ile yenye chipu ndani, maana waya mtupu haugeuzi kitu. Waya wa skrini uchomekwe kwenye kadi, si kwenye tundu la zamani la kompyuta. Mafundi huitwa nyumbani kwa ajili ya hilo tu. Stabilaiza nilikuwa nayo tayari, na kwa umeme wa kwetu nisingeiwasha kadi bila hiyo.

Ndani ya Blender unaingia Preferences, System, unachagua CUDA au OptiX, njia mbili za kutumia kadi ya NVIDIA, kisha kwenye Cycles unaweka GPU. Sebule sasa inatoka nikiwa bado sijamaliza chai. Picha zenye vitambaa na majani mengi zinajaza GB 4 haraka, hizo nazipunguza ukubwa wa tekscha, zile picha zinazovishwa juu ya vitu. Msimu wa kiangazi, vumbi letu jekundu likianza, nafungua kesi na kupiga feni brashi kila mwisho wa juma, kwa sababu joto la kadi kwenye GPU-Z linapanda lenyewe hata kazi ikiwa ileile.