Siku moja na kalamu yangu katika Baraza la Malodi

Mama yangu kule Mombasa amewaambia majirani kwamba mwanawe yuko bungeni London. Niko kweli, ila sijawahi kufungua mdomo humo. Mimi ni mwandishi wa Hansard, kumbukumbu rasmi ya yanayosemwa, katika Baraza la Malodi, baraza la juu la bunge la Uingereza: wao wanasema, mimi naandika.

Saa saba mchana niko ofisini, chai, orodha ya zamu. Jumatatu kikao huanza saa nane na nusu kwa dua ya askofu, kisha maswali manne kwa serikali, dakika kumi kumi, yakaisha bila kisa.

Mitandaoni watu hupenda picha za malodi waliolaza vichwa kwenye viti vyekundu. Wapo wanaosinzia, siwatetei. Lakini migongo ya viti ile ina spika ndogo ndani yake, na mzee mwenye masikio mazito huinama hapo ili asikie.

Saa kumi ukaingia muswada, hatua ya kamati, pale unapochambuliwa kifungu kwa kifungu, na zamu yangu ikamwangukia mzee mmoja, simtaji. Dakika chache tu, zikanila jioni nzima. Alileta marekebisho ya neno moja: palipoandikwa waziri "may" paandikwe "must". Hiari iwe lazima. Malodi hawachoki kuligombania hilo, na wana haki. Basi mzee anameza miisho ya maneno! Akageuka nyuma kumjibu mwenzake, sauti ikazikimbia maikrofoni zinazoning'inia kutoka darini. Karatasi ikamponyoka. Akasema "bwana mtukufu yule pale", akanyoosha kidole, na pale wamekaa tisa. Humu Spika haiti mtu kuzungumza, wanapishana wenyewe, kwa hiyo usipozijua sura umekwisha. Mimi nazijua kuliko za binamu zangu.

Mezani nikavaa hedifoni. Sekunde mbili zilezile nilizirudia mara kumi na saba. "M...", halafu kikohozi cha jirani yake. Mwishowe nikaipata "t" nyembamba kama ncha ya sindano. Must.

Tunaruhusiwa kuondoa marudio na makosa ya wazi, maana haiguswi. Sentensi zake tatu zilizokatika njiani nikazishona kuwa moja, ukiisoma utadhani aliitamka ametulia. Ndipo ukaja ujumbe wake: tuongeze aya aliyokusudia kuisema. Nikamjibu kwa adabu zote kwamba haikusemwa. Akarudi: lakini ilikuwa kwenye karatasi.

Ile iliyoanguka.

Kengele ya kura ikalia, wakatoka kugawanyika, wanaokubali huku, wasiokubali kule. Zamu nyingine. Na nyingine. Sandwichi yangu ilikauka upande mmoja, na saa sikuiangalia tena mpaka walipoinuka usiku wa saa nne, nasi tukabaki kumalizia ya mwisho.

Kwenye basi nikaifungua hotuba yake kwenye simu. Imenyooka. Jina lake juu kwa herufi nzito, langu halimo, na ndivyo inavyotakiwa. Chini yake ujumbe wa Mama, wa tangu magharibi: "Leo umewaambia nini?" Kwao ilikuwa saa nane usiku, nikaona nisimwamshe.