Siku moja maishani mwangu: msanifu wa mifumo, Mombasa

Saa 1 asubuhi. Feri ya Likoni haijafika ng'ambo, ripoti ya usiku ishasomwa: vijenzi vyote vya mfumo wetu wa makontena ya bandarini na kasoro mpya za usalama zilizotangazwa. Maktaba, yaani vipande vya programu vilivyoandikwa na wengine, tulizochagua wenyewe ni chache. Shida hukaa kwenye zile zilizovutwa na nyingine. Desemba 2021 kasoro ya Log4j, maktaba ya Java ya kuandika kumbukumbu za matukio, iliwahangaisha wengi hivyo: waliitafuta kwenye orodha ya juu, kumbe imejificha ndani ya faili la bidhaa nyingine.

Saa 3. Vijana wanataka Redis, hifadhi ya data ya haraka inayokaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Hadi toleo la 7.2 leseni ilikuwa BSD, leseni huria yenye masharti machache. Machi 2024 ikabadilishwa na masharti yakakazwa, na mwaka 2025 toleo la 8 likaongezewa AGPL, leseni huria yenye masharti zaidi ya BSD. Valkey ilichipuka kutoka 7.2.4 na kubaki BSD chini ya Linux Foundation, shirika linalolea programu huria. Amri za kawaida ni zilezile, kwa hivyo tunachukua Valkey. Aliyezoea moduli (viongezo) za Redis za data ya JSON au utafutaji asidhani zitahama zenyewe, zijaribiwe kando. Na hili nalisema hadi nachosha watu: msimbo (maandishi ya programu) unaofanya kazi zetu za biashara usiiite hifadhi hiyo moja kwa moja. Upitie kiolesura kimoja, yaani tabaka la kati, ili siku ya kuhama iguswe sehemu moja, si mfumo mzima.

Saa 5, kwa mwanasheria. AGPL humtisha kupita kiasi. Ukiitumia programu bila kuibadilisha, hakuna neno. Ukiibadilisha, kisha watu wakaitumia kupitia mtandao, lazima uwape nafasi ya kupata msimbo wako. Wakala wa forodha anayeingia kwenye mfumo akiwa ofisini kwake Moi Avenue ni mmoja wao.

Saa 7, wali wa nazi na samaki.

Saa 9. Kuna kiraka, yaani rekebisho la msimbo, tulichobandika kwenye maktaba ya watu. Kikibaki kwetu, kila toleo jipya kitabandikwa upya. Kabla ya kukituma kwa wenye maktaba: idhini ya mwajiri, jaribio la kiotomatiki, majina ya seva zetu yafutwe. Kiraka kimoja, tatizo moja. Cha mistari 900 hakuna atakayekisoma.

Saa 11. Hati ya uamuzi, ukurasa 1: tulichochagua, tulichokataa, njia ya kutokea, nani ataubeba mzigo. Hifadhidata ya PostgreSQL, toleo la 14, itaacha kupewa viraka Novemba 2026, basi tarehe ya kuhama imeandikwa. Jina la mbebaji bado pengo. Lisipojazwa, sitii saini.