Siku moja ya Januari ya afisa elimu kata, upande wa Chanika

Saa 11:30 alfajiri

Kabla sijaenda kuoga natuma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la wakuu wa shule wa kata: "Habari za asubuhi walimu. Naomba takwimu za leo kabla ya saa 9 alasiri. Awali, darasa la kwanza, wavulana na wasichana, wenye mahitaji maalumu, na walioripoti kidato cha kwanza." Januari yote huwa hivi. Wakuu wa shule wanalalamika kidogo, kisha wanatuma.

Mimi ni afisa elimu kata pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam, upande wa Chanika. Walimu wengi bado wananiita Mratibu, jina la zamani la cheo hiki, na mimi naitika.

Saa 12:15 asubuhi

Niko kwenye pikipiki. Barabara imejaa watoto. Wa sare ya bluu wanatembea kwa makundi, wengine wamepakiwa watatu kwenye bodaboda, wakubwa wanapigana vikumbo mlangoni mwa daladala na shilingi 200 zao mkononi, maana kondakta hapendi kuwajaza wanafunzi asubuhi.

Sensa ya 2012 iliikuta Ilala, wilaya yetu, na watu 1,220,611. Ya 2022 ikakuta 1,649,912. Zaidi ya watu laki nne katika miaka 10, na sehemu kubwa ya hao hawakuhamia Kariakoo wala Upanga. Wamekuja huku kwetu, ambako kiwanja kinanunuliwa kwa kulipa kidogo kidogo na chumba cha kupanga bado kinashikika. Mtu anapandisha vyumba viwili, anaezeka kimoja, anahamia na familia. Umeme atavuta baadaye, maji atanunua kwa jirani, ila mtoto hawezi kusubiri. Jumatatu anampeleka shule.

Saa 1:10 asubuhi

Naanzia shule ya msingi iliyo karibu na barabara kuu. Meza ya uandikishaji ipo chini ya mwembe, mwalimu wa zamu na daftari kubwa, foleni imeshafika getini. Uandikishaji wa awali na darasa la kwanza unaanza Oktoba, lakini kila mwaka wapo wanaokuja baada ya shule kufunguliwa, na tunawapokea.

Bibi mmoja amemshika mjukuu mkono. Namwamkia, anaitikia, kisha ananiuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hapa shilingi ngapi?" Namwambia hakuna ada. Haamini moja kwa moja, anamtazama mwalimu. Mwalimu anarudia. Ndipo anapofungua fundo la kanga, anatoa mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko kadi ya kliniki iliyokunjwa mara nne mpaka imechanika kwenye mikunjo. Cheti cha kuzaliwa hakuna. Mtoto ameletwa kutoka Kilwa, mama yake anafanya kazi za ndani mjini, baba hatajwi.

Mwalimu ananyoosha kadi mezani, anasoma tarehe, anahesabu kwa vidole: miaka 6 imetimia. "Anaandikwa, bibi. Cheti utakifuatilia RITA, usikiache." Jina linaingia kwenye daftari, na baadaye litaingia kwenye PREM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi, apate namba atakayokwenda nayo mpaka mtihani wa mwisho. Bibi anauliza kuhusu sare. Hiyo ni ya mzazi, pamoja na madaftari. Anasema atashona mwisho wa mwezi. Nakubaliana na mwalimu mbele yake kwamba mtoto aanze leo na nguo alizovaa.

Nyuma yake kuna baba wa mashati ya ofisini, mtoto anatoka shule ya Kiingereza ya kulipia. Biashara imeyumba. Huyu naye tunao wengi kila Januari, na mara nyingi ndio wagumu zaidi kuwakamilisha, kwa sababu shule alikotoka inatakiwa imwachie kwenye mfumo kwanza, na kama kuna deni la ada hapo ndipo mzazi anapozungushwa. Mtoto hana kosa. Namwambia mwalimu amweke darasani, karatasi tutazihangaikia.

Saa 3:00 asubuhi

Naingia darasa la kwanza, mkondo wa A. Kiwango cha serikali ni watoto 45 kwa darasa. Hapa wamepita mia. Dawati la watatu linakaliwa na watano, waliobaki wapo chini mbele kabisa, karibu na miguu ya mwalimu. Wanasoma kwa zamu: wengine asubuhi, wengine mchana, chumba kile kile.

Mwalimu anawafundisha herufi "m". Anaimba, wanaitikia, ukuta unatetemeka. Kisha anapita kusahihisha. Naangalia saa, maana nataka kuona. Kila mtoto anampa muda wa kuweka vema moja na kumgeuzia ukurasa, basi. Mtoto aliyeandika "m" kichwa chini hapati dakika ya kushikwa mkono aoneshwe. Mwalimu huyu ni hodari, nimemfahamu miaka mingi, na ninaumia kuona uhodari wake unaishia kwenye kuzuia vurugu.

Saa 4:20 asubuhi

Chai ofisini kwa mwalimu mkuu, na vitabu vya fedha mezani. Watu wengi mtaani wanaposikia "elimu bila malipo" wanadhani shule ina fedha nyingi, kwa hiyo nieleze.

Ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo, 4,000 zinabaki serikalini kwa ajili ya vitabu, na 6,000 zinakuja moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Yaani shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi. Shule ya watoto 3,000 inapata milioni moja na nusu kwa mwezi. Hapo kuna chaki, karatasi, mitihani, vitasa vya milango, bati lililoezuliwa na upepo, na gari la kunyonya vyoo, ambavyo kwa watoto 3,000 vinajaa haraka kuliko unavyofikiri. Mshahara wa mwalimu haumo, huo unalipwa na serikali kuu. Mlinzi na maji ndivyo vinavyomtoa mwalimu mkuu jasho.

Kiwango cha 10,000 kiliwekwa wakati wa MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulioanza 2002. Ni kilekile leo. Nafurahi kwa dhati kwamba tangu 2016 fedha hizi zinafika shuleni bila kupita mikono mingi, na kwamba bibi wa Kilwa hadaiwi kitu getini. Lakini 500 ya wakati ule na 500 ya sasa si fedha moja, kila anayenunua boksi la chaki anajua. Kiwango hiki kinapaswa kupanda.

Na kuna jambo la pili. Ruzuku inafuata idadi iliyokwisha kuingia kwenye mfumo. Huku kwetu watoto wanaingia kila wiki, kwa hiyo hesabu inayolipwa huwa inakimbizana na hesabu iliyoko darasani. Mtoto ambaye hajaingizwa anakalia dawati, anatumia choo, anafanya jaribio, na hana hata hiyo 500. Ndiyo maana nawasumbua wakuu wa shule kila asubuhi.

Saa 6:00 mchana

Shule ya pili iko ndani, ng'ambo ya mto. Ilianza kama shule shikizi, yaani tawi la shule nyingine, ili wadogo wasivuke maji wakati wa mvua. Madarasa mapya mawili, safi, watoto wachache, wamekaa watatu watatu. Ukitoka kule barabarani ukafika hapa unatamani ungehamisha watoto kwa mkono.

Ila fedha zake sasa. Watoto 300 ni shilingi 150,000 kwa mwezi. Mlinzi ni mmoja kama kule, kufuli ni lilelile, nauli ya mwalimu mkuu kufuata shughuli za kiofisi haipungui kwa sababu shule ni ndogo. Kule wanabanwa na nafasi, hapa wanabanwa na fedha, na fomula ni moja kwa wote. Kama ningeulizwa, ningesema kila shule ipewe kiasi cha chini kisichotegemea idadi, kisha ruzuku ya kila mtoto iongezwe juu yake.

Nakuta uji unagawiwa. Wazazi walikubaliana kwenye mkutano kuchangia unga na sukari. Wasiochangia watoto wao nao wanakunywa, mwenyekiti wa kamati ya shule ni mkali sana kwenye hilo na namheshimu kwa hilo.

Saa 8:00 mchana

Sekondari ya kata. Kidato cha kwanza wanaendelea kuripoti. Hapa ruzuku ni 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, nusu yake inafika shuleni. Majengo yamesaidika: mwaka 2021 fedha za mpango wa kukabiliana na UVIKO-19 zilijenga vyumba 12,000 vya sekondari nchi nzima, na vingine vipo hapa.

Ninachozungumza na mkuu wa shule ni Januari 2028. Kwa mtaala mpya ulioanza Januari 2024, walioingia darasa la tatu mwaka huo watamaliza msingi wakiwa darasa la sita mwaka 2027. Mwaka huohuo watamaliza la saba wale wa mtaala wa zamani. Mikupuo miwili itagonga mlango wa kidato cha kwanza siku moja, na elimu ya lazima sasa ni miaka 10, hakuna wa kubaki nyumbani. Mkuu wa shule ananitembeza nyuma ya maabara kunionesha panapoweza kujengwa. Ni padogo. Ghorofa, anasema. Naandika.

Saa 10:00 jioni

Kikao ofisi ya mtendaji wa kata, na wenyeviti wa mitaa. Ajenda ni eneo la shule mpya. Hapa ndipo kazi yote inapokwama. Fedha za ujenzi huweza kuja, mradi wa BOOST peke yake ulitengewa shilingi trilioni 1.15 kwa shule za awali na msingi. Saruji inanunuliwa, mafundi wapo. Ardhi hakuna. Watu waliuziana vipande kwa vipande, nyumba zimesogeleana, hakuna aliyeacha ekari za shule. Eneo tulilokuwa tukilitegemea, mwenyekiti anasema familia imeanza kuligawana.

Tunakubaliana twende wanne kesho kuongea na wazee wa familia kabla mnunuzi hajaweka nguzo.

Saa 11:40 jioni

Takwimu zimekamilika, shule moja tu nimeipigia simu. Nazituma juu. Kuna mwenyekiti wa mtaa amenipa taarifa za nyumba ya kupanga yenye watoto wanne wa umri wa shule ambao hawajaandikwa popote. Nimempa miadi ya saa 12 asubuhi, kabla wazazi hawajatoka kwenda vibaruani.

Kama unaishi huku pembezoni na una mtoto wa miaka 5 au 6 nyumbani, mpeleke shule ya jirani wiki hii. Beba kadi ya kliniki kama cheti hakijatoka. Hauhitaji kusubiri sare, na usikubali kurudishwa getini. Ukirudishwa, njoo ofisi ya kata, uniulizie mimi.