Modeli ya picha haijui kusema sijui

Kuna siku niliipa modeli yangu, yani programu ya kompyuta iliyojifunza kutambua picha, picha ya kiatu, yani makusudi tu nione itafanyaje, na hiyo modeli imefundishwa majani peke yake, majani mazima na yenye madoa, yote yamepigwa mchana kweupe. Ikajibu jani lina ugonjwa, uhakika juu ya asilimia 90. Niliogopa aisee, manake mtu atakayeitumia hatanitafuta aniulize, ataiamini hiyo namba.

Shida iko kwenye ile hesabu ya mwisho, softimaksi. Inachukua alama ambazo modeli imelipa kila kundi, inazikuza kwa kipeo kisha inazigawa mpaka jumla iwe moja, yani asilimia 100, sasa kama makundi ni mawili basi kiatu lazima kiangukie huku au kule. Na si modeli ndogo kama yangu tu, mwaka 2015 watafiti Nguyen, Yosinski na Clune walionyesha picha ambazo binadamu haoni kitu humo, nyingine chengachenga tupu, na modeli bora za picha za wakati huo zikazitaja kama vitu vinavyojulikana kwa uhakika wa asilimia 99.99.

Mimi siku hizi naangalia alama zenyewe kabla hazijapita softimaksi, kwa sababu softimaksi inaangalia tofauti tu, ukubwa inautupa. Alama 2 na 0, au 12 na 10, zote zinakupa asilimia 88 ileile, ilhali kwenye ile ya kwanza huenda modeli haijaona karibu chochote inachokijua! Njia nyingine ni kupima umbali: modeli inachakata picha hatua kwa hatua, tabaka baada ya tabaka, na kwenye tabaka la kabla ya mwisho kila picha ni orodha ya namba, picha za mafunzo zinakaa kwa vikundi, picha mpya ikitua mbali na vikundi vyote usiitolee jibu, mpe mtu aiangalie.

Lakini kiatu ni kesi rahisi. Kinachoninyima usingizi ni lenzi inayochafuka polepole, au jioni kiza kinaingia na kamera bado inapiga, hapo jani ni jani kweli, kila picha ukiitazama peke yake inapita, ila zote kwa pamoja zimeshahama. Hiyo huikamati kwa picha moja, unachukua picha za wiki nzima unalinganisha wastani wake na wa mafunzo, hata mwangaza tu na ukungu wa picha vinasema mengi.

Na kizingiti, yani ile namba ya kuamua picha ipite au ikataliwe, kiwekwe kwa akili jamani. Wengi wanaweka ili asilimia 95 ya picha halali zipite, inaonekana nzuri mpaka uhesabu, kamera ikipiga picha 1000 kwa siku ni kengele 50 za uongo kila siku, na wiki haiishi aliyewekwa kuzisikiliza ameshazizima. Kwa hiyo picha moja ikikataliwa mimi naitenga tu kimyakimya, kengele inalia pale zinapokataliwa nyingi mfululizo.